Mashine Isiyo na Mdomo

Tangu mwanawe Erasto alipooa, Hezroni hakukanyaga tena jiko la hoteli yake mwenyewe. Alilijenga yeye. Matofali alichoma yeye, na bomba la moshi alilipandisha yeye akiwa juu ya ngazi inayoyumba. Lakini aliyepika mle ndani sasa alikuwa Tusajigwe, mke wa Erasto, na kwa jinsi Hezroni alivyolelewa, baba mkwe na mkamwana hawakutani. Hawatazamani, hawasemezani, na mkamwana halitaji jina la baba mkwe hata kama amepotea njia kwenye mvua na anaitafuta nyumba yake.

Siku hizi wengi Kyela wamelegeza. Mchungaji mwenyewe alikuwa akila meza moja na mke wa mwanawe, na kumwomba amsogezee kachumbari. Hezroni aliliona hilo kwa macho yake siku ya ubatizo. Alikula kimya, akarudi nyumbani, akamwambia mkewe Elizabeth kwamba mchungaji ni mtu mzuri sana ila hakupata walezi.

Tusajigwe alikuwa mkali wa jambo hilo kuliko hata mkwewe. Akisikia kikohozi cha Hezroni upande huu, yeye anatokea upande ule. Na kwa kuwa kibao cha mlangoni kiliandikwa Hezroni Hoteli, hakuwahi hata mara moja kutaja mahali anapofanya kazi. Akiulizwa sokoni alisema "pale kwenye wali," na watu walielewa, maana wali wake ulijulikana kuanzia stendi hadi Kasumulu mpakani.

Kati ya kaunta na jiko palikuwa na ukuta, kwenye ukuta palikuwa na kidirisha, kwenye kidirisha palikuwa na pazia, na kwenye pazia palikuwa na Yunis.

Yunis alikuwa mhudumu, mama yake mtu wa Karonga, ng'ambo ya mpaka, yeye mwenyewe mzaliwa wa hapahapa. Hezroni alipokea oda za wateja kwa mdomo wake, kwa sababu alipenda kusikia habari za wasafiri. Kisha alimwambia Yunis, na Yunis akaenda kusema kidirishani. Tatizo ni kwamba Hezroni hakujua kuagiza chakula bila kuongeza lake.

"Samaki mbasa mmoja na wali," alikuwa akisema. "Na umwambie huyo aliyeko ndani, mbasa wa jana alikuwa na chumvi ya kukaushia ngozi ya ng'ombe."

Yunis alikwenda, akainama kwenye pazia, akazungumza kwa muda, na baadaye chakula kikatoka kizuri kuliko cha jana. Hezroni aliona sawa kabisa. Aliamini jiko lile linakwenda kwa ukali wake, kama gari linavyokwenda kwa dizeli.

Sasa Yunis akaaga. Shangazi yake wa Karonga alikuwa amezeeka na alitaka mtu wa kumwachia duka la vitenge. Hezroni alimwomba Elizabeth ashike nafasi ile.

"Mimi nina mpunga wangu Mwaya unanisubiri," Elizabeth alimjibu. "Sina nafasi ya kubeba maneno yako mchana kutwa. Mazito."

Hezroni akaajiri binti mwingine wa kujaribu. Binti yule alikuwa mwaminifu, na uaminifu wake ndio uliomponza. Alichoambiwa kaunta ndicho alichokisema kidirishani, neno kwa neno, hata kwa sauti ileile. Saa saba mchana Tusajigwe alimwagia maji moto wa kuni, akafunga mlango wa nyuma, akaenda kwao. Alirudi kesho yake tu, baada ya Elizabeth kumweleza kwamba binti yule hana akili nzuri, maneno yale aliyatunga mwenyewe, na amekwisha kufukuzwa.

Jambo lenyewe lingekuwa dogo kama si Amon. Amon alikuwa na nyumba ya wageni Matema, pale chini ya milima, na wageni wake walikuwa wanalalamikia chakula. Alikuwa amekuja kula kwa Hezroni, akalamba vidole, akauliza nani anapika. Baada ya hapo hakumtafuta Hezroni tena. Alimtafuta Erasto, akampa ahadi ya nyumba ya kuishi kando ya ziwa kama mkewe atakubali kwenda kupika kule. Erasto alikuwa mnunuzi wa kakao, mtu ambaye jibu lake kwa kila kitu lilikuwa "tutaona." Tusajigwe hakuwa amejibu.

Hezroni alijua. Tusajigwe akienda Matema, yeye atabaki na kuta, viti vya plastiki na friji la soda. Na kitu pekee kilichokuwa kimesimama kati ya Tusajigwe na Matema kilikuwa oda kufika jikoni kwa amani, na aliyekuwa akizifikisha alikuwa anafunga mizigo.

Ndipo akatokea Godwin.

Godwin alishuka kwenye gari la Mbeya na begi mgongoni na viatu vilivyochongoka mbele, viatu ambavyo tope la Kyela lilivipokea kwa furaha.

"Mwagonile, tata," alisalimu, kwa Kinyakyusa alichookota njiani Tukuyu.

"Ndaga, asante. Unakula nini?"

"Mzee wangu, sijaja kula. Nimekuja kukuletea mfumo wa mauzo. Oda, malipo, risiti, kila kitu kwenye mashine moja. Mjini hakuna hoteli ya maana isiyo nao."

"Umeme ukikatika?"

"Una betri."

"Oda inafikaje jikoni?"

"Unabonyeza hapa, inatokea kule."

"Bila mtu kusema?"

"Bila mtu kufungua mdomo, mzee."

Hezroni alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Kaa," alisema. "Kula. Leo hulipi."

Godwin alikuwa na mifumo mitatu kwenye begi, na walikubaliana kila mmoja ujaribiwe kabla ya kununua. Alianza na ule wa bei kubwa, kama wauzaji wote wanavyoanza.

"Huu unaongea," alisema. "Mpishi mikono yake ina mafuta, hawezi kushika skrini. Kwa hiyo kule jikoni unawekwa spika, unamsomea oda. Sauti ya dada wa kampuni ipo, ila wenye hoteli wengi wanarekodi ya kwao. Sauti ya mwenye mali inaleta nidhamu."

Hapa Hezroni alikosea, na kosa lenyewe lilikuwa la kupenda sauti yake. Alikuwa mwimbaji wa besi kwaya ya kanisani kabla meno hayajalegea. Akakohoa, akasogeza mdomo kwenye mashine, akarekodi orodha nzima ya vyakula, akimalizia kila kimoja na neno "haraka." Kisha akajisikiliza mara kadhaa, akiwa ameinamisha kichwa. Spika ikapelekwa jikoni na Yunis, ambaye alikuwa kwenye juma lake la mwisho.

Oda ya kwanza ilikuwa ndizi na samaki aina ya magege. Hezroni akabonyeza. Upande wa pili wa ukuta sauti yake ikanguruma, "Ndizi, magege, haraka," na hapohapo ukasikika mfuniko wa sufuria ukianguka na mlango wa nyuma ukifunguliwa.

Mashine ile ilikuwa imetengenezwa irudie oda mpaka mpishi abonyeze kuwa amesikia. Mpishi alikuwa nje. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na kuni, kitenge amejifunika kichwani, akimsubiri baba mkwe atoke jikoni. Baba mkwe hakutoka. Alikuwa mle ndani anaendelea kuagiza magege, na wali ulikuwa unaanza kunuka.

Yunis akamfuata kule nje. "Dada, rudi ndani. Wali unaungua."

"Ndani kuna baba."

"Ndani kuna spika. Baba yako yuko kaunta, anatoka jasho."

"Simsikii anavyosema?"

"Ni spika, dada."

"Basi itoke kwanza hiyo spika, mimi nitaingia. Siwezi kubanana na mkwe kwenye jiko moja."

Yunis akaibeba spika kwa mikono miwili, ikiwa bado inaagiza, akaipitisha mbele za watu mpaka kaunta. Wateja waliinua vichwa. Walimwona Hezroni amekaa kimya, na Hezroni mwingine anapita mikononi mwa Yunis akidai magege haraka.

"Huu hapana," Hezroni alimwambia Godwin.

Wa pili haukuwa na sauti kabisa. Badala yake ulikuwa na kamera.

"Huu ndio utaupenda," alisema Godwin, akifunga skrini ukutani juu ya kaunta. "Wewe umekaa hapa, unaona kila kinachofanyika jikoni. Nani anafanya kazi, nani anakula nyama. Huhitaji kuinuka."

Alibonyeza, na pale juu, kwa rangi zote, akatokea Tusajigwe akimenya vitunguu.

Hezroni aligeuka kama mtu aliyechomwa na pasi. Aligeukia ukuta wa nyuma, penye kalenda ya kanisa, akabaki hapo. Godwin alihangaika kuizima skrini ile, lakini kamera na malipo vilikuwa programu moja. Ukizima kimoja, kingine kinalala, na watu wa mchana walikwisha kuanza kuingia. Ikabidi Hezroni afanye kazi vile alivyokaa. Alipokea oda kwa bega, akapokea fedha kwa kunyoosha mkono nyuma, na wateja walijikuta wakiagiza samaki kwa kisogo cha mtu.

Zebedayo, mfanyabiashara wa Kasumulu na mteja wa siku nyingi, alisimama pale muda mrefu.

"Hezroni," alisema hatimaye, "nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Mbona umenipa mgongo?"

"Mkamwana wangu yuko kwenye televisheni."

Zebedayo aliinua macho kwenye skrini, akatazama vitunguu vikikatwa, akatikisa kichwa. Akaenda kukaa. Naye, kwa heshima, akakaa kwa kuupa ukuta uso.

Mfumo wa tatu ulikuwa wa bei ndogo kuliko yote, na Godwin aliutoa begini bila maneno mengi. Kishikwambi kimoja kaunta, kingine jikoni. Hezroni anabonyeza chakula kwenye chake, maandishi yanatokea kwenye kile cha Tusajigwe. Tusajigwe naye ana vitufe viwili: kimoja cha kusema chakula kiko tayari, kingine cha kusema chakula fulani kimeisha, ili kaunta wasiendelee kukiuza. Hakuna sauti, hakuna picha.

"Huu," alisema Hezroni, "ndio mashine. Hauna mdomo wala macho."

Yunis alisafiri Jumamosi, na mashine ikaanza kazi. Siku mbili za kwanza zilikwenda kama maji ya mfereji. Magege yaliagizwa, magege yakatoka. Godwin alikaa kwenye kona akinywa chai na kusubiri alipwe. Hata Erasto, aliyepita na gunia la kakao kwenye pikipiki, alitazama akasema tutaona, ambayo kwake ilikuwa sifa kubwa.

Siku ya tatu Hezroni akagundua kwamba chini ya kila oda kulikuwa na kisanduku cheupe.

"Hiki cha nini?"

"Cha maelezo, mzee. Labda mteja hataki pilipili, unaandika hapo, mpishi anasoma."

"Naandika chochote?"

"Chochote."

Godwin hakujua alichokifungulia mlango. Hezroni aliishia darasa la saba, lakini kuandika alijua, na kidole chake cha shahada kilikuwa na nguvu. Oda iliyofuata ilikwenda hivi: Wali, mbasa. Maelezo: Wali wa jana ulikuwa umeshikana kama tope la Mwaya. Iliyofuata: Ndizi, nyama. Maelezo: Hizi ndizi za Ngana zimepikwa au zimetishiwa tu. Na nyingine: Chai. Maelezo: Mlango wa nyuma unagongagonga, hakuna mtu huko?

Alikuwa na miaka ya maneno ambayo, kwa mawazo yake, Yunis alikuwa akiyafikisha yakiwa yamepungua uzito. Sasa yalikwenda kamili. Alijisikia vizuri. Alijisikia kijana.

Elizabeth alikuja na kapu la mpunga, akasimama nyuma yake, akasoma.

"Baba Erasto, huruhusiwi kusema na mkamwana."

"Sisemi. Nabonyeza."

"Na kutukana kwa kidole kumeruhusiwa na nani?"

"Haya ni maelezo. Mfumo wenyewe umeandika maelezo, soma hapo."

Elizabeth hakusoma. Alitazama kile kishikwambi kama mtu anavyotazama mbwa wa jirani, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata Hezroni aliandika kuhusu maharage, na baada ya muda mfupi neno "maharage" kwenye skrini yake likawa la kijivu. Akalibonyeza, halikukubali.

"Maharage yameisha," Godwin alimweleza.

"Yameishaje? Ni saa nne asubuhi."

"Jiko limesema yameisha."

Hezroni akaandika, kwenye oda ya mbasa, kwamba mpishi makini hujua kiasi cha maharage tangu jana. Mbasa akawa wa kijivu. Akaandika kwenye oda ya magege kwamba hajapendezwa. Magege yakaisha. Akaandika kwenye oda ya nyama maneno marefu kiasi cha kujaza kisanduku, na nyama ikaisha, na ndizi pamoja nayo, ingawa ndizi hazikuwa zimetajwa.

"Kuna tatizo kwenye mashine," alisema.

Godwin alisogea akasoma yote yaliyoandikwa tangu asubuhi. Alisoma taratibu, midomo ikicheza. "Mzee," alisema, "sidhani kama ni mashine."

Wakati huo wakaingia watu wa mashine za kukoboa mpunga, kundi zima, nyusi zao nyeupe kwa pumba. Walikuwa wateja wa kila siku. Wakaagiza wali, wote. Hezroni akabonyeza wali na, kwa mazoea, kidole kikashuka chenyewe kwenye kisanduku: Fanya upesi, watu wana kazi.

Wali ukaisha.

Aliitazama skrini. Hakukuwa na chakula chochote chenye rangi isipokuwa soda.

"Wali hakuna," alisema, na yeye mwenyewe hakuamini kinywa chake.

Mkubwa wa kundi lile alijipangusa pumba usoni. "Mzee Hezroni, tumetoka kukukobolea gunia leo asubuhi. Mimi ndiye niliyelibeba mpaka mlangoni kwako."

"Umeisha."

"Unausikia unavyonukia?"

Kila mtu aliusikia. Harufu ya wali mpya ilikuwa inapita chini ya pazia la kidirisha, imejaa hoteli nzima, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuula. Watu wale wakakaa kidogo na harufu, kisha wakanyanyuka wakaenda kwa mama mmoja wa barabarani.

Alipokuwa wa mwisho anatoka, Amon wa Matema akaingia. Alivuta kiti, akaketi, akapandisha mguu juu ya mwingine.

"Nasikia leo unauza soda tu," alisema.

"Ipi?"

"Yoyote. Kesho nitapita kuchukua jibu kwa Erasto, nikaona nisalimie kwanza. Si vizuri kupita bila kusalimia."

Alikunywa soda yake polepole, mpaka mwisho, akashukuru, akaondoka. Hezroni alibaki ameishika chupa tupu. Kisha akampigia simu mkewe aje kutoka Mwaya, aingie jikoni aone kuna nini.

Elizabeth alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alifunga mlango nyuma yake kwa uangalifu.

"Anafunga visu vyake kwenye kanga," alisema. "Anakwenda Matema."

"Kwa sababu ya maharage?"

"Kwa sababu ya mashine. Anasema mashine imemharibu baba yake mkwe."

"Imemharibu nani?"

"Nakwambia alivyosema. Anasema tangu aolewe hajawahi kusikia neno baya kutoka kwa baba yake mkwe. Kila mchana alikuwa anamshukuru kwa chakula. Mvua ikinyesha anampa pole. Alipojifungua, kila siku anaulizia mtoto amelalaje. Anasema wenzake kisimani walikuwa wanamwonea wivu, maana mkwe kama yule hapatikani. Sasa imekuja mashine, na mtu amegeuka."

Hezroni alimsikiliza hadi mwisho. "Huyo mkwe ni nani?" aliuliza.

"Wewe."

"Mimi?"

"Ana mkwe mwingine?"

Hezroni alikaa kwenye stuli yake. Akachukua simu akampigia Yunis, ng'ambo ya mpaka. Kwa nyuma zilisikika sauti za wateja wakivutana na bei za vitenge.

"Baba, shikamoo. Mashine inaendeleaje?"

"Yunis, nilikuwa nasema nini?"

"Lini?"

"Siku zote. Kwenye kidirisha. Mimi nilikuwa nasema nini?"

Yunis akamwambia mteja mmoja asubiri.

"Ulikuwa unasema vizuri sana, baba."

"Sikuwa nasema vizuri."

"Ulikuwa unaanza vibaya. Ila mpaka kufika kidirishani ulikuwa umeshapoa."

"Siku ya mbasa wa chumvi?"

"Ulisema chakula kilikuwa na nguvu, wateja wameshiba upesi, na leo apumzishe mkono."

"Aliposahau kuni zikalowa?"

"Ulimpa pole ya mvua."

"Na mambo ya mtoto?"

"Hayo ulikuwa husemi kabisa, baba, nikaona si vizuri. Babu wa mtoto hawezi kukaa kimya hivyo. Nikakuulizia."

Hezroni alitaka kukasirika, akatafuta pa kuanzia, akapakosa. Mtu aliyetajwa kwenye simu ile alikuwa mtu mwema. Asingeweza kumtukana.

"Baba, kuna mteja hapa," alisema Yunis. "Nipigie jioni kama kuna la ziada."

Godwin, aliyesikia yote, alisogeza kiti karibu. Alikuwa anaiona fedha yake ikielekea Matema pamoja na visu.

"Mzee, suluhisho rahisi sana. Kisanduku cha maelezo nakiondoa sasa hivi. Kinabaki chakula na idadi, basi. Na bei nakupunguzia."

Hezroni alifikiri. Aliona mashine tupu, oda tupu, siku baada ya siku. Mbasa mmoja. Wali mmoja. Na upande wa pili wa ukuta mwanamke anayesubiri asikie ameshukuriwa, hasikii kitu.

"Usikiondoe," alisema. "Mkwe aliyekuwa anashukuru kila siku akinyamaza, huo ndio ugomvi wenyewe. Hicho kisanduku ndicho ninachonunua. Nitalipa bei yako yote, sipunguziwi hata shilingi. Ila mashine yako inatukana watu."

"Mashine haitukani, mzee. Inaandika kile ambacho mtu ame—"

"Godwin."

"Naam."

"Inatukana. Nenda kidirishani ukamwambie mpishi hivyo, halafu njoo uchukue fedha yako."

Godwin aliangalia begi lake, akaangalia viatu vyake vilivyoharibika, akaenda. Aliinama mbele ya pazia kama alivyomwona Yunis akifanya.

"Dada, samahani," alisema. "Mimi ni mtu wa mashine. Kulikuwa na hitilafu. Ile sehemu ya maelezo ilikuwa inajiandikia yenyewe. Inaokota maneno huko mitandaoni na kuyaleta."

Kisha sauti ya Tusajigwe ikasikika, taratibu, akimwambia mama mkwe wake kupitia pazia.

"Mama, muulize huyo kijana. Hitilafu ilijuaje kwamba ndizi zile zilitoka Ngana?"

Godwin akalegeza kola yake. "Mfumo," alisema, "una akili sana."

"Muulize, imetengenezwa?"

"Imetengenezwa, dada."

"Haitarudia?"

Godwin aligeuka akamtazama Hezroni, maana hilo hakuwa na mamlaka nalo. Hezroni naye hakuruhusiwa kujibu. Alizunguka kwenye stuli mpaka akawa anatazamana na friji la soda, akaliambia friji, kwa sauti yake ya besi, lakini ya chini:

"Mashine imesikia. Haitarudia."

Elizabeth alijifanya anapanga vikombe. Ndani ilisikika kanga ikikung'utwa, kisha kisu kikiwekwa juu ya meza, kisha kingine. Hezroni hakuwa amegeuka bado kutoka kwenye friji Godwin alipomgusa bega na kumwonyesha skrini. Wali ulikuwa umerudisha rangi.

Kesho yake Amon alipofika kwa Erasto, Erasto alimwambia tutaona. Tusajigwe akatoka nyuma ya mumewe akasema kwamba hakuna cha kuona. Pale kwenye wali, alisema, walikuwa na mashine iliyougua, na imepona, na yeye hawezi kuwaacha watu na mgonjwa aliyeanza kupata nafuu.

Godwin alilipwa, akapanda gari la Mbeya. Hezroni akabaki na kisanduku chake, na kazi ikawa ngumu kuliko kupanda mpunga. Mara nyingi jioni alimpigia Yunis simu kumuuliza mtu mwema angesemaje kuhusu wali uliochelewa, au mtoto mwenye mafua, na Yunis, akikunja vitenge, alimtajia na yeye akaandika kwenye kiganja. Baada ya muda akaanza kujaribu peke yake.

Siku moja Zebedayo alirudisha bakuli lake mpaka kaunta, akaliinamisha ili Hezroni aone. Mchuzi ulikwenda upande mmoja kama maji.

"Hezroni, huu ni mchuzi au ni ziwa?"

Hezroni akavuta kishikwambi. Akaandika: Mchuzi wa leo mteja ameuombea mtumbwi. Akatazama alichokiandika. Ilikuwa sentensi nzuri, na ilimuuma kuiacha. Akaanza kuifuta, herufi moja baada ya nyingine, kutoka mwisho kwenda mwanzo, akipumua kwa pua. Nyuma ya Zebedayo foleni ilikuwa inarefuka. Akaanza upya, kidole kikitafuta kila herufi: Ndaga kwa chakula. Mteja mmoja ameupenda mchuzi, anaomba bakuli jingine, ila zito kidogo, ana safari ndefu.

"Unamwandikia nani barua?" Zebedayo aliuliza. "Mimi nina njaa."

"Ngoja," alisema Hezroni. "Sijamuulizia mtoto."